Kama ni jambo moja tu, anza na ndoo ya maganda

Swali la msomaji lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Kwa miaka mitatu nabeba mfuko wa kitambaa nikienda kununua vitu, natenganisha chupa za plastiki, nazima taa. Kaka yangu ananicheka. Anasema kampuni 100 ndizo zinazotoa asilimia 71 ya gesi zinazoharibu hali ya hewa, kwa hiyo mimi najichosha bure. Nyumbani tuko watano. Je, lipo jambo moja tunaloweza kufanya likapimika kweli? Mwaka jana nilijaribu mboji, ikanuka vibaya, na ndani nikakuta nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Niliogopa nikaiacha."

Dada yangu, jibu langu ni ndiyo, lipo. Na ni lile lile uliloliacha mwaka jana. Lakini niruhusu nianze na kaka yako, maana hoja yake naisikia kila mahali na inawavunja moyo watu wengi wenye nia njema.

Hesabu ya asilimia 71 hakuitunga. Ilitoka kwenye ripoti ya mwaka 2017 ya CDP, shirika linalokusanya takwimu za kampuni kuhusu hali ya hewa, iliyofuatilia wazalishaji 100 wa makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu 1988, ingawa ilihusu gesijoto za viwanda na nishati, si gesijoto zote. Kinachosahaulika ni namna ilivyohesabiwa. Karibu sehemu tisa kwa kumi ya gesijoto walizobebeshwa hazikutoka kwenye migodi na visima vyao. Zilitoka pale bidhaa zao zilipochomwa: kwenye injini za magari, mitambo ya umeme, majiko, matanuri ya saruji. Kwa maneno mengine, ndani ya ile asilimia 71 mimi na wewe tumo, na kaka yako yumo. Hilo haliziondolei kampuni hizo lawama, na nusu ya maneno yake nayakubali kwa moyo mmoja: bila sheria hatufiki. Nitalirudia mbele.

Kuhusu mfuko wako wa kitambaa, nina habari njema. Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa mifuko ya kubebea bidhaa, likaona kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yawe chini ya yale ya mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja. Kulima pamba, kuisokota na kuifuma kunakula maji na nishati nyingi. Kama unakwenda mara moja kwa wiki, miaka mitatu ni safari kama 156. Umeshavuka. Ila usiongeze mwingine. Mwenye mifuko kumi ya pamba inayoning'inia nyuma ya mlango bado yuko mbali sana na faida.

Sasa twende kwenye mizani.

Kazi yangu ni taka, na jukumu la kwanza nililopewa lilikuwa kupima. Tulitandaza turubai, tukamwaga mifuko ya taka za majumbani, tukachambua kwa glavu: plastiki huku, karatasi kule, vyuma, vioo, vitambaa, na mwisho vitu vinavyooza. Kabla ya kupima tuliambiwa kila mmoja akisie ni rundo lipi litaongoza. Wote tulisema plastiki, maana rundo lake lilikuwa limetufika kiunoni. Tulipoliweka kwenye mizani sindano ilisogea kidogo tu. Kisha zikaja ndoo za taka mbichi: maganda, majani ya mboga yaliyonyauka, makombo ya sahani, matunda yaliyooza upande mmoja. Ndoo moja ilihitaji watu wawili kuinyanyua, na maji yake yalichuruzika mpaka kwenye viatu. Tangu siku hiyo siamini macho yangu nikiwa mbele ya jalala.

Duniani kote picha ni hiyo hiyo. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2016 miji ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka. Chakula na majani vilikuwa asilimia 44, plastiki asilimia 12. Miaka mingi kabla ya hapo, mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza kuchimba madampo ya Marekani kama wenzake wanavyochimba magofu ya kale. Watu walikuwa wakiamini madampo yamejaa nepi na vifungashio vya chakula cha haraka. Alipopima, vitu hivyo vilikuwa sehemu ndogo mno ya ujazo. Jambo lililonikaa kichwani zaidi ni jingine: alifukua magazeti ya miongo kadhaa iliyopita yakiwa bado yanasomeka, na mabaki ya chakula ambayo bado yangeweza kutambulika. Ndani ya dampo vitu haviozi kama tunavyodhani. Vinaoza polepole, kwa njia nyingine, na hapo ndipo kwenye shida.

Ganda likiachwa juu ya udongo, penye hewa, huliwa na bakteria na kuvu wanaovuta oksijeni, nao hutoa kaboni dioksidi. Ni kaboni ile ile ambayo mmea uliivuta kutoka hewani ulipokuwa unakua, kwa hiyo hesabu inarudi palepale. Ganda hilo hilo likifukiwa chini ya mita kadhaa za taka zilizoshindiliwa, oksijeni huisha haraka na kazi hushikwa na viumbe wengine wasiohitaji hewa kabisa. Hao hutoa methani. Haina rangi wala harufu. Kinachonuka damponi ni gesi nyingine zinazofuatana nayo. Katika miaka 20 ya kwanza, kilo moja ya methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Ukipima kwa miaka 100 ni karibu mara 28. Tofauti hiyo inatokana na umri wake: methani hukaa hewani kwa takriban miaka 12 kisha huvunjika, wakati sehemu ya kaboni dioksidi hubaki kwa karne nyingi.

Ndiyo maana naisema methani kwa msisitizo. Anayepunguza kaboni dioksidi anazuia hali isizidi kuwa mbaya, na kazi hiyo haina mbadala. Anayepunguza methani anaona hewa ikianza kupata nafuu ndani ya miaka kumi, kumi na tano, watoto wake wakiwa bado vijana. Tathmini ya methani iliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ilisema kwamba kuipunguza kwa asilimia 45 kufikia 2030 kungeepusha karibu nyuzijoto 0.3 za ongezeko la joto ifikapo miaka ya 2040. Taka na majitaka ni karibu sehemu moja kwa tano ya methani inayosababishwa na binadamu.

Uliomba kitu kinachopimika, basi chukua karatasi tupige hesabu. Ripoti ya UNEP ya 2024 inakadiria kwamba kila mtu duniani, kwa wastani, hutupa kilo 79 za chakula kwa mwaka akiwa nyumbani, yakiwemo maganda na mifupa. Nyumba ya watu watano: karibu kilo 400. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilikadiria mwaka 2023 kwamba kila tani 907 za chakula zinazofukiwa damponi huvujisha tani 34 za methani. Kwa kilo zako 400 hiyo ni kilo 15 hivi. Zidisha kwa 28, unapata sawa na kilo 420 za kaboni dioksidi. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo ndoo zenu za mwaka mzima zinalingana na lita 180 za petroli. Ukipima kwa miaka 20 badala ya 100, zinapita lita 500.

Hesabu hiyo ni ya dampo lenye kina, linaloshindiliwa na kufunikwa udongo. Kwenye jalala la wazi lisilo na kina, hewa hupenya na methani hupungua, pengine isifike nusu. Lakini jalala la wazi lina hatari zake: hushika moto lenyewe, maji yake meusi huingia visimani, na vilima vyake huanguka. Tarehe 21 Februari 2005, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Leuwigajah karibu na Bandung, Indonesia, uliporomokea makazi na kuua watu zaidi ya 140. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Koshe, Addis Ababa, watu zaidi ya 100. Milima hiyo hulainika na kuteleza kwa sababu imejaa vitu vibichi vinavyooza na kushika maji. Siwezi kuandika juu ya maganda kana kwamba ni jambo dogo baada ya kuyajua haya.

Kabla ya mboji, hata hivyo, kuna hatua iliyo bora kuliko mboji: chakula kisifike kwenye ndoo. Ripoti hiyo hiyo ya UNEP inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu asilimia 19 ya kilichowafikia walaji, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Sahani inayotupwa inaondoka na maji ya kumwagilia, mbolea, mafuta ya trekta na ya lori, na nguvu za aliyelima. Mboji hairudishi hata kimoja kati ya hivyo. Inaokoa mabaki tu. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usitengeneze chochote. Bandika karatasi karibu na ndoo, na kila kitu kinachotupwa kikiwa kingeweza kuliwa, kiandike: nini, kiasi gani, kwa nini. Sijaona nyumba ambayo orodha haikuonyesha vitu viwili au vitatu vinavyojirudia. Mara nyingi ni kile kinachopikwa kwa mazoea kwa idadi ya watu ambao siku hizi hawapo mezani, na kile kinachonunuliwa kikiwa fungu kubwa kwa sababu ni nafuu. Ukivijua hivyo viwili, umemaliza nusu ya kazi. Vitu vya zamani vihamie mbele ya rafu, vipya nyuma. Na soma tarehe za kwenye pakiti kwa makini: kuna tarehe inayohusu usalama, hiyo iheshimu, na kuna tarehe inayohusu ubora tu, ambayo ikipita kitu hakijawa sumu.

Haya, mboji yako. Ulisema ilinuka vibaya. Ungenieleza harufu yenyewe ningekuambia kosa bila kuiona. Ikinuka kama yai viza, hewa haikuwepo. Rundo lililowa na kujishindilia, likawa dampo dogo nyuma ya nyumba. Ikichoma puani kama mkojo uliokaa, nitrojeni ilizidi na inatoroka ikiwa amonia. Vyanzo ni viwili, tiba ni moja: vitu vikavu. Nina hakika kama ninavyoandika hapa kwamba uliweka maganda na makombo, ukaweka tena maganda na makombo, na ukavu haukuwepo.

Viumbe wanaotengeneza mboji wanahitaji kaboni kuwa nguvu yao na nitrojeni ya kujenga miili yao, kwa uwiano wa takriban sehemu 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Taka mbichi za jikoni zina nitrojeni nyingi, majani makavu yana kaboni nyingi, na vumbi la mbao lina kaboni nyingi kupita kiasi, kwa hiyo liweke kidogo tu. Huhitaji maabara. Kwa kila ndoo moja ya taka mbichi, weka ndoo mbili au tatu za vikavu: majani yaliyopukutika, nyasi zilizokauka, mabua yaliyokatwakatwa, boksi lililochanwa vipande baada ya kutolewa gundi ya plastiki. Anza na tabaka nene la vijiti chini ili hewa iingie kutoka uvunguni. Kila unapomwaga mabichi, yafunike kwa makavu papo hapo, yasionekane hata kidogo. Nzi akikosa pa kutua, funza hawapo. Nyama, mifupa na mafuta ya kukaangia usiviweke, si kwa kuwa haviozi, ila vinaita panya.

Unyevu upime kwa mkono. Chota konzi kutoka katikati, kamua kwa nguvu. Yakidondoka matone mawili matatu, ni sawasawa. Yakitiririka, ongeza makavu na ugeuze. Konzi ikifunguka kama makapi, nyunyiza maji. Rundo liwe na angalau mita moja kila upande kama unataka lipate moto. Dogo zaidi litaoza pia, ila bila joto na kwa muda mrefu zaidi. Siku ya tatu au ya nne, choma kijiti kirefu katikati, subiri kidogo, kitoe ukishike. Rundo zuri hufika nyuzijoto 55 hadi 65 na kijiti hicho hutaweza kukishika kwa raha. Asubuhi yenye baridi, ukilifungua kwa uma unaona mvuke ukipanda. Joto hilo likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi, ndiyo maana kugeuza kuna maana: kilichokuwa nje kiingie ndani nacho kipikwe. Geuza mara moja kwa wiki mwanzoni. Kugeuza pia ndiko kunakozuia methani, kwa sababu rundo lisilogeuzwa likashindiliwa litarudi kwenye ile ile tunayoikimbia. Baada ya miezi miwili mitatu joto hushuka lisipande tena hata ukigeuza; liache mwezi mwingine litulie, kisha litumie.

Njia hii ya tabaka na kugeuza ina historia ndefu. Mtaalamu wa kilimo Albert Howard aliipanga vizuri akiwa Indore, India, miaka ya 1920, na alichota mengi kwa wakulima aliowakuta huko. Ninalitaja kwa sababu mara nyingi nasikia mboji ikiuzwa kama uvumbuzi mpya.

Kama huna uwanja, tumia ndoo mbili zenye matundu na minyoo wekundu wa mboji, au kubaliana na jirani mwenye shamba awe anachukua ndoo yako. Hiyo ya pili naipenda zaidi, haihitaji ujuzi wowote.

Plastiki nitaigusa kwa kifupi. Endelea kutenganisha chupa. Watafiti walikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya plastiki yote iliyowahi kugeuka taka mpaka 2015, asilimia 9 tu ilirejelezwa, kwa hiyo kutonunua kuna nguvu kuliko kutenganisha. Ila jambo moja nakuomba kwa dhati: msiichome. Moshi wa taka zenye PVC, aina moja ya plastiki, hubeba sumu iitwayo dioksini, na chembe zake nyeusi huingia mapafuni mwa watoto wanaocheza jirani na moto. Ukishaondoa taka mbichi, zilizobaki hazinuki, na nimeona mara nyingi kwamba nyumba nyingi zilichoma kwa sababu ya harufu tu.

Turudi kwa kaka yako, kama nilivyoahidi. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za CFC, zilizokuwa kwenye makopo ya kupulizia manukato na kwenye majokofu, zinakula tabaka la ozoni. Nchini Marekani watu walianza kuyakataa makopo hayo madukani kabla ya serikali kuyapiga marufuku mwaka 1978. Mwaka 1987 ukaja Mkataba wa Montreal, ambao nchi zilikubaliana kuzipunguza gesi hizo, na leo sehemu kubwa ya tabaka hilo inatarajiwa kurudi hali yake ya 1980 karibu na mwaka 2040. Wanunuzi peke yao wasingeweza. Lakini viwanda vilipokaa mezani, soko lilikuwa limeshaanza kuvikimbia.

Taka nazo ni hivyo hivyo. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia chakula damponi mwaka 2005, na mwaka 2013 ikaanza kuwatoza watu kwa uzito wa mabaki yao. Sasa zaidi ya asilimia 90 ya taka hizo hugeuzwa mbolea, chakula cha mifugo au nishati. Sheria ya namna hiyo inafanya kazi pale watu wanapokuwa tayari na ndoo mbili jikoni. Kwa hiyo mwambie kaka yako mgawane kazi: wewe ushike ndoo, yeye aende kwa viongozi wenu akadai siku moja ya wiki gari la taka lichukue taka mbichi peke yake, na taka za sokoni zitengwe kuanzia sokoni. Wewe pima ndoo kila inapojaa, andika kilo zake kwenye daftari, naye aende nalo. Nimekaa kwenye vikao vingi vya aina hiyo, na anayekuja na namba alizopima mwenyewe husikilizwa kwa namna nyingine kabisa.

Zile nyuzi nyeupe zilizokutisha hazikuwa ugonjwa. Baadhi ni kuvu, na nyingine, zile zinazoonekana kama majivu au utando katikati ya rundo lenye joto, ni aina ya bakteria waitwao aktinomisiti. Kazi yao ni kula vile vigumu ambavyo wengine wamevishindwa: vijiti, mabua, karatasi. Usizitoe. Ukigeuza, jifunike pua na mdomo kwa kitambaa, hasa kama una pumu, kwa sababu vumbi lake si zuri kwa kifua. Mwisho wa kazi yao, mboji itaacha kunuka taka na itanukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na harufu hiyo, dada, inatengenezwa na aktinomisiti hao hao.